Friji Lililoamka Kabla ya Arobaini

Mpendwa Mama Desanka, mshauri wa wengi,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unijibu kabla ya Jumamosi hii inayokuja, maana Jumamosi ndiyo arobaini ya mume wangu Vitomir, watu sitini watakaa mezani kwangu, na mimi sijui kama nitawalisha au nitawadhuru.

Nina miaka sitini na mmoja na nilisoma hadi darasa la nane tu, kwa hiyo unisamehe kama mambo hayatakaa kwa mpangilio, nitaandika kama yanavyonijia.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kinu cha unga, na siku zake za mapumziko alikwenda mto Danubi kuvua. Mwezi wa kumi mwaka jana alivua vizuri kuliko miaka yote, samaki kumi na mmoja wakubwa, saba wa magamba na wanne kambare, akawasafisha mwenyewe uani na kuwaweka kwenye friji, sehemu ya kugandishia, kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu. Sisi tunamsherehekea Mtakatifu Nikola, na sikukuu yake huangukia kwenye mfungo, kwa hiyo meza yetu siku hiyo ni ya samaki. Kila samaki alimfunga kwenye mfuko wa mkate na kuubandika kipande cha plasta ya dukani, hii ya vidonda, na juu yake aliandika kwa kalamu ya risasi tarehe, uzito na mahali alipomvulia. Kwenye kimoja aliandika "kilo nne na robo, nguzo ya tatu ya daraja, mkaidi." Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwenye plasta alikuwa anaandika.

Halafu mwezi wa kumi na moja mapafu yakamwangusha. Siku ya Mtakatifu Nikola ilipofika tuliwasha mshumaa, tukakata mkate, tukanyunyiza divai, basi. Samaki walibaki ndani, alisema tutawala akipona.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nikiendelea kuzunguka sitafika.

Kwetu chumba kinachopata joto ni jiko tu, ndipo palipo na jiko la kuni, kwa hiyo kitanda chake tulikihamishia pale, na friji lilikuwa hatua mbili kutoka kichwani kwake. Lile friji lina miaka kumi na tisa. Likiwaka linanguruma, likizima linatikisika mwili mzima mpaka chupa za siki zinagongana. Yeye halikumsumbua. Alisema, "Ni kama kulala na ng'ombe zizini, unajua yupo." Aliyesumbuka ni mimi, Mama Desanka, maana likinguruma nilikuwa siwezi kusikia pumzi yake. Nilikuwa nakaa kwenye kiti na kusubiri linyamaze ili nijue kama bado anapumua, na dakika hizo zilikuwa ndefu, na niliishi hivyo wiki tatu mpaka nikaanza kulichukia kama mtu.

Siku tatu baada ya sikukuu nikamwita shemeji yangu Radisav, mdogo wake Vitomir, nikamwambia, "Kaka yako anaomba friji litolewe, linamkera." Huo ni uongo. Hakuomba. Tukaanza kulisukuma kulipeleka kwenye jiko la kiangazi, kile chumba cha mawe uani tunachopikia jamu na kuchomea pilipili hoho, ambacho majira ya baridi hakiwashwi moto. Vitomir akafumbua macho, akainua mkono, akasema, "Rosanda, si huko. Kule litalala."

Radisav akauliza, "Anasemaje?"

Nikamjibu, "Homa hiyo. Wewe sukuma."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilimsikia na nikasema ni homa.

Wiki sita baadaye alifariki, na katika siku zote hizo sikulifungua lile friji hata mara moja, maziwa niliyaweka ukumbini kwenye baridi, supu zililetwa na majirani, na mazishi tulipika nguruwe kutoka buchani. Siku ya ishirini baada ya mazishi ndipo nilipokwenda na wifi yangu Zagorka kuwatazama samaki, kwa sababu arobaini inaangukia ndani ya Kwaresima, nyama haitawekwa mezani, na mama mkwe wangu, Mama Stamena, alikuwa ameshawaambia watu kwamba watakula samaki waliovuliwa kwa mkono wa mwanawe.

Tulifungua. Taa ya ndani iliwaka, lakini mota ilikuwa kimya. Samaki walikuwa laini kama mkate uliolowa. Chini kulikuwa na maji mekundu, na mwandiko wa plasta mbili ulikuwa umeanza kufifia. Harufu haikuwa ya uvundo ule wa kukimbiza mtu, ilikuwa nzito tu, kama tope la shimoni. Zagorka alikata kipande cha mkia akamtupia paka.

"Tutazame," akasema.

"Zagorka, tunatazama nini, si wameyeyuka?"

"Tunatazama kama atakula. Paka si mjinga kama sisi."

Paka akala. Kesho yake alikuwepo, keshokutwa akawepo, na Zagorka kila akimwona ananiambia, "Huyo hapo marehemu wako anajilamba."

Nikamwita fundi kutoka mjini. Alikuja amevaa koti, hakulivua, akaweka kiganja nyuma ya friji akasikiliza.

"Kompresa imekufa, mama. Friji lina miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi limekufa kwa uzee, kama watu," akasema, kisha akaona kitambaa changu cheusi, akaomba radhi, masikio yakamwiva. Akasema atarudi baada ya wiki mbili na kompresa nyingine. Samaki nilipaswa kuwatoa siku ile ile, najua, lakini nilipogusa ule mfuko wa mkaidi mkono ulikataa. Nikafunga mlango.

Siku ya sita baada ya hapo upepo ukageuka kuwa wa kusini, theluji ikaanza kudondoka kutoka paani, na Mama Stamena alikuwa amekaa pale pale kwenye jiko la kiangazi, kwenye jua la mlangoni, anachagua ngano ya kuchemshwa kwa arobaini punje kwa punje. Mimi nilikuwa uani naanua mashuka. Nikamsikia ananiita, si kwa kelele, kwa sauti ya chini.

"Rosanda, njoo. Yuko hapa."

Nikaingia. Friji lilikuwa linanguruma. Hakuna aliyeligusa. Bibi alikuwa amesimama na punje zimemwagika miguuni, anajifanyia ishara ya msalaba.

"Fundi alisema limekufa?" akaniuliza.

"Alisema hivyo, mama."

"Nani ametengeneza?"

Nikainama kuokota punje. Akasema, "Unajua nani ametengeneza. Siku arobaini bado hazijaisha, mwanangu bado yumo nyumbani. Amelitengeneza mwenyewe. Anataka samaki wake waliwe."

Kesho yake samaki wote walikuwa wameganda, wameshikana donge moja gumu kama jiwe la kinu. Na kesho yake tena kijiji kizima kilijua. Padri ameniuliza mlangoni mwa kanisa. Mwanamke wa duka amenishika mkono. Tangazo la arobaini lenye picha yake liko kwenye nguzo ya umeme na langoni, na watu ambao hawakupanga kuja sasa wanasema watakuja, wapate hata kijiko cha supu ya samaki wa Vitomir.

Juzi nilimwambia Zagorka, "Wale samaki tusiwapike."

"Wameganda au hawajaganda?"

"Wameganda sasa. Lakini uliwaona."

"Mimi niliona samaki. Tutawachemsha kwenye sufuria kubwa saa tatu, tutatia pilipili ya unga mpaka iwe nyekundu, nani atajua? Radisav atamimina rakija kabla ya supu, ile pombe kali ya mwaka juzi, hiyo inaua mpaka mawazo."

"Na mama?"

"Mama ukimwambia hakuna samaki utamzika pembeni ya mwanawe. Unataka hivyo?" Halafu akaniuliza, "Kwani kwa nini friji lilikuwa kule nje, wifi? Si Vitomir ndiye aliyesema litolewe?"

Nikasema ndiyo. Mara ya pili nikasema ndiyo.

Zagorka si mtu mbaya. Alimwosha kaka yake pamoja nami. Binti yake anakuja Ijumaa kutoka Vienna, ana mimba ya miezi saba, na Zagorka amemshonea hata mto wa kukalia. Anaogopa tu kwa ajili ya mama yake. Mama Stamena ana miaka themanini na minne, moyo wake ni dhaifu, wa kuombewa, na tangu friji lilipowaka amekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Anakwenda kukaa nalo. Anapeleka kigoda chake pale na kufuma soksi, na likinguruma anatikisa kichwa kama anayemsikiliza mtu.

Nisamehe kwa kukuchosha. Vitomir alilitunza sana lile friji. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Mtakatifu Nikola na kabla ya Pasaka, alilizima, akaweka beseni la maji ya moto ndani, akakaa mbele yake kusubiri barafu iachie yenyewe, na nikisogea na kisu alikuwa ananinyang'anya. Kisha alipangusa vumbi la nyuma kwa bawa la bata bukini. Nilidhani ni mchezo wake. Sasa sijui hata kama limepona au litalala tena, sijui kama samaki wanafaa au hawafai, na nikisema hawafai nitaulizwa waliharibikaje, na nikiulizwa itabidi nimwambie mama yake kwamba mwanawe aliniambia na mimi nikasema ni homa. Nifanye nini? Nimpike yule mkaidi na wenzake ninyamaze, au niseme?

Ni mimi,
Rosanda

*

Dada Rosanda,

Jibu hili nakuletea kwa mkono wa dereva wa basi la Jumatano, kwa sababu gazeti kwenu hufika Jumatatu, na Jumatatu ni kuchelewa. Wasomaji wengine watalisoma baadaye. Majina nimeyabadili.

Pole sana. Naanza na pole kwa sababu maneno yanayofuata hayatakuwa laini.

Samaki hao hawaliwi. Hata mmoja, hata kijiko cha kuonja. Msiwape nguruwe, wala paka msimwongeze. Nyama iliyolala wiki nyingi bila kuganda, ikatoa maji mekundu na harufu ya tope, imeshaharibika, na kuigandisha tena ni kama kulipiga pasi shati chafu. Baridi huvilaza vijidudu, haiviui. Kuchemsha saa tatu kutaua vingi, lakini sumu ambayo vingine vimeshaiacha ndani ya nyama haitoki kwa moto wala kwa pilipili ya unga. Rakija ya Radisav itamlewesha Radisav. Paka wa wifi yako alikula kipande kidogo cha mkia, na tumbo la paka si tumbo la bibi wa miaka themanini na minne. Zagorka akibisha tena, usimjibu. Muulize kama bakuli la kwanza atampa binti yake mwenye mimba. Muulize, kisha unyamaze usubiri.

Sasa friji. Nimezungumza na mzee mmoja aliyetengeneza mafriji miaka arobaini na kustaafu mwaka juzi, nikamsomea barua yako. Alinikatiza kabla sijamaliza. "Kompresa haijafa," akasema. "Mwambie huyo kijana aliyevaa koti asiguse kitu." Friji kama lenu lina kipimo kimoja tu cha joto, nacho kimekaa juu, sehemu ya maziwa, si kule chini kwenye samaki. Kipimo kikihisi baridi ya kutosha kinaiambia mota ipumzike. Jiko lenu la kiangazi lina kuta za mawe na majira ya baridi hubaki na baridi ya maji ya kisima: baridi ya kutosha kulidanganya friji, haitoshi kugandisha samaki. Kwa hiyo mota ilipumzika wiki baada ya wiki, taa ikiwaka kila mlango ukifunguliwa kama kawaida, na samaki wakayeyuka taratibu gizani. Upepo wa kusini ulipokuja chumba kikapata joto, kipimo kikahisi, mota ikawaka. Aliyelitengeneza ni upepo. Mzee huyo anasema kila mwezi wa tatu alikuwa anaitwa kwenye mafriji mawili matatu yaliyofufuka hivyo kwenye roshani na magereji, na kila familia ilikuwa na mtakatifu wake wa kumshukuru.

Na umeshaelewa kwamba mume wako alilijua hili. Hakuwa anaweweseka. Alikwambia kwa maneno mafupi aliyokuwa na pumzi ya kuyasema.

Lirudisheni ndani kabla ya Jumamosi, mtalihitaji. Zimeni, toeni donge lote. Msiliparue kwa kisu hata kama limeng'ang'ania: nyuma ya ile barafu kuna vijibomba vyembamba vya gesi, ukitoboa kimoja ndipo friji litakapokufa kweli. Beseni la maji ya moto na subira, kama alivyofanya. Osheni ndani kwa maji ya uvuguvugu na magadi kidogo, halafu siki, na acheni mlango wazi mpaka harufu itoke. Mlibebe likiwa limesimama. Mkilazimika kulilaza, lisimame nusu siku kabla ya kuliwasha. Mpira wa mlango upanguseni, kisha bana karatasi ya gazeti mlangoni na kuivuta. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, unabadilishwa kwa kazi ya dakika kumi. Nyuma pangusa vumbi, na liache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Kuhusu mtikisiko. Nilifikiri nikufiche, kisha nikaona watu wameshaficha na kufichwa vya kutosha humo nyumbani. Mzee anasema friji linalotikisika mwili mzima likizima, mara nyingi mguu wake mmoja wa mbele umelegea, au linaegemea ukuta. Mguu unazungushwa kwa mkono mpaka likae sawa, basi. Kunguruma kungebaki, lakini kungepungua sana. Sikwambii hili likuume. Nakwambia ili Alhamisi mkilirudisha pale jikoni, uinamie huo mguu uuzungushe, uweze kuishi nalo. Mwanamke aliyekaa wiki tatu kwenye kiti akisikiliza pumzi ya mumewe hana akili ya kuangalia miguu ya friji. Mimi mwenyewe nisingeiangalia.

Lakini uongo ni kitu kingine, na hapo nitakugombeza. Kulitoa friji hakukuwa kosa, kulikuwa uchovu. Kosa ni kumtwisha mgonjwa maneno ambayo hakuyasema, na ukamtwisha tena alipokuwa amekufa na hawezi kukanusha. Kwa sababu ya neno hilo moja ulifika mahali pa kufikiria kuwawekea watu sitini sahani ya sumu, wakiwemo mama yake na kitukuu ambaye hajazaliwa. Tazama lilivyokua. Ukilificha Jumamosi litakua tena.

Kwa hiyo hiki ndicho utakachofanya. Leo hii, ukimaliza kusoma, wachimbie samaki shimo, kina cha kiuno, mbali na kisima, na utie chokaa juu. Radisav achimbe, yeye ana mgongo wenye nguvu. Kabla ya kuwafukia, bandua zile plasta, zioshe kwa maji baridi, uzikaushe. Hizo hazijaharibika, na ndizo alizoandika yeye.

Ijumaa asubuhi na mapema Radisav aende kwa wavuvi mtoni anunue samaki wabichi wa kutosha supu moja kubwa. Vitomir alivua kwenye maji hayo hayo. Kwingine mezani jazieni maharage ya kuoka, pilipili za siki, kabichi, na ngano aliyoichagua mama. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye arobaini akilaumu maharage.

Na kabla ya Radisav kushika sepetu, nenda kwa Mama Stamena. Usimtume Zagorka, usimngoje padri. Mkute pale pale kwenye kigoda chake. Mwambie samaki wameharibika, hawataliwa. Mwambie friji halikufufuliwa na mtu, lilipata joto. Atakukatalia. Mwache akukatalie, usibishane naye juu ya roho ya mwanawe, hilo si lako wala langu. Wewe sema lako tu: "Mama, nilisema Vitomir aliomba litolewe. Hakuomba. Alinikataza. Nililitoa mimi, kwa sababu likinguruma nilikuwa sisikii kama anapumua."

Liseme lote, usiishie katikati ukalia. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukuita jina baya, na Zagorka akasikia, na Jumamosi wakakaa upande wa pili wa meza. Unaogopa moyo wake, najua. Mpe maji, mkalishe, Zagorka awe karibu mlangoni. Lakini bibi huyo amemzika mwanawe, na moyo wake bado unapiga. Supu ile ingeuzima kwa hakika zaidi kuliko maneno yako.

Mimi simjui, kwa hiyo sikuahidi atakusamehe. Nadhani tu kwamba yeye pia, wakati wake, aliwahi kuinama juu ya kitanda cha Vitomir alipokuwa mchanga akisikiliza kama anapumua, na kwamba akishakasirika atakumbuka. Inaweza kuwa Jumamosi, inaweza kuwa mwaka kesho. Wewe usisubiri hilo ndipo ufanye lililo sawa.

Nenda sasa, ardhi ya uani ingali laini kwa huo upepo wa kusini.

Desanka